Hoteli za majumba ya kale kando ya maziwa Uingereza: tuambieni na hela ya kuyajenga ilitoka wapi

Ndugu Mhariri,

Habari za kazi hapo ofisini. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua, na nawaomba msinikate sana maana jambo lenyewe ni refu na nimekaa nalo muda.

Siku hizi ukifungua kurasa za safari, ukiingia mitandaoni, huachi kukutana na mtu anasifia hizi hoteli za mashambani za Uingereza, yale majumba ambayo zamani yalikuwa ya matajiri na sasa yanapokea wageni, na hasa ya kule kaskazini magharibi kwenye eneo la maziwa, Lake District. Picha ni zile zile. Jumba la mawe lenye dohani kibao, majani yamekatwa vizuri yanashuka mpaka majini, moto unawaka sebuleni, chai ya alasiri imekuja na sinia la ghorofa tatu. Na ndugu zetu wengi wanaenda, wengine wamealikwa na watoto wao wanaoishi huko, wengine fungate, wengine wamefanya kazi mwaka mzima wanataka wikiendi moja ya utulivu. Hakuna ubaya, hela ni yako na mapumziko ni yako.

Na mimi nimelala kwenye hoteli ya namna hiyo. Sitaitaja jina maana nia yangu sio kumharibia mtu biashara, na nasema wazi palikuwa pazuri kwelikweli, asubuhi ziwa limetulia na milima yote unaiona humo ndani ya maji. Ninacholalamikia ni kwamba nyumba hizi zinasifiwa kuanzia paa mpaka mashuka lakini hakuna anayemwambia msomaji nani aliijenga na hela aliitoa wapi, na gazeti la Kiswahili ndo lilipaswa kuwa la kwanza kuuliza maana wasomaji wake ni watu wanaohusika.

Kwanza nieleze pakoje, wengi hawajafika. Kutoka London unapanda treni stesheni ya Euston, unashuka Oxenholme, pale unabadilisha unaingia katreni kadogo kanakoishia Windermere. Reli hiyo ilifika mwaka 1847. Kabla haijajengwa mshairi William Wordsworth, mwenyeji wa huko huko, aliandika kwa mhariri wa gazeti la Morning Post mwaka 1844 akiipinga, na mojawapo ya hofu zake ilikuwa kwamba treni italeta wafanyakazi wa viwandani kwa makundi wajazane ziwani. Yaani hata wakati ule watu walishaanza kugombania swali la uzuri wa ziwa ni wa nani, na waligombania kwenye barua za gazeti.

Ziwa Windermere ndo kubwa kuliko yote England, lina urefu wa karibu kilomita 17, jembamba, limejikunja katikati ya vilima vyenye misitu. Hoteli zenyewe hazifanani na za mjini. Nyingi hazina ile kaunta ndefu ya mapokezi, unaingia unakuta ukumbi wenye zulia na saa kubwa ya kusimama, mtu anatokea mlango wa pembeni anakupokea begi kama umekuja kwa jamaa. Sebule ni za wote, unakaa popote unasoma gazeti. Chakula cha usiku kina saa yake na ukichelewa umechelewa. Chumba kinachotazama ziwa kina bei yake na kinachotazama maegesho ya magari kina bei yake, na tofauti sio ndogo, kwa hiyo unapobuku uliza kwa maandishi, na uliza pia kama chumba kiko ndani ya nyumba kubwa au kwenye jengo la pembeni, maana majengo mengi ya pembeni zamani yalikuwa mabanda ya farasi wakayageuza vyumba. Kiangazi chumba cha watu wawili kinapita pauni 200 kwa usiku bila shida. Na koti la mvua usiache hata kama ni Julai, kijiji cha Seathwaite kiko eneo hilo hilo na ndo kinahesabiwa mahali panapokaliwa na watu panapopata mvua nyingi kuliko kote England.

Sasa majumba haya yamekuwaje hoteli? Kwa kifupi, yaliwashinda wenyewe. Mwaka 1894 serikali ya Uingereza ilileta kodi nzito kwenye mali za marehemu, halafu zikaja vita mbili za dunia, vijana wakafa vitani, wasichana waliokuwa wanafanya kazi za ndani wakaenda viwandani na maofisini ambako angalau jioni ni yako, na jumba la vyumba thelathini haliendeshiki bila watumishi. Mengi yakabomolewa kabisa. Mengine yakawa shule, mengine hospitali, mengine hoteli. Kwenye ziwa Ullswater bwana mmoja aitwaye Francis Coulson alifungua Sharrow Bay mwaka 1949, na hiyo ndo hutajwa kuwa hoteli ya kwanza ya mtindo huu Uingereza, ikaendelea mpaka ikafungwa 2020. Waliokuja baadaye walifuata njia hiyo hiyo, kwamba mgeni ajisikie amealikwa kulala nyumbani kwa bwana mkubwa.

Hapo ndo penye shida yangu. Ukinitaka nijisikie mgeni wa bwana mkubwa, basi nina haki ya kujua bwana mkubwa ni nani.

Nilikuwa na mama yangu mzazi, alikuja kututembelea. Kwenye korido ya chini ya ile hoteli, unapoelekea jikoni, kulikuwa na ubao mrefu ukutani na juu yake kengele ndogo za shaba zimepangwa mstari, kila moja imening'inia kwenye springi ya chuma iliyojikunja, na chini ya kila kengele jina la chumba limeandikwa kwa rangi nyeupe iliyoanza kufifia: sebule, maktaba, chumba cha bibi, chumba cha watoto. Wamezing'arisha, ni pambo sasa, wageni wanazipiga picha. Mama akasimama pale.

"Hizi za nini mwanangu?"

Nikamwambia mama, hizi ni za kuwaitia watumishi, bwana akivuta kamba huko juu kengele inalia huku chini, mtumishi anaangalia ipi inatikisika halafu anapanda mbio.

Akaziangalia moja moja mpaka mwisho wa ubao. "Na huyo bwana alikuwa na kazi gani mpaka akaweza kuwaitia watu kengele nyumba nzima?"

Jibu nilikuwa nalo nusu. Chumbani kulikuwa na kitabu cha maelezo ya hoteli, jalada la ngozi, kurasa nzito. Historia ya nyumba ilichukua ukurasa mmoja. Ilisema nyumba ilijengwa miaka ya 1850 na mfanyabiashara wa pamba wa Manchester, halafu hapo hapo ikarukia aliyepanga bustani, miti iliyoletwa kutoka nchi za nje na mahali pa moto pa marumaru kutoka Italia. Marumaru imetajwa ilikotoka, miti imetajwa ilikotoka. Pamba haikutajwa ilikotoka. Nikamuuliza kijana wa mapokezi, kwa adabu kabisa, akasema hajui na hakuna mgeni aliyewahi kumuuliza. Kijana simlaumu hata kidogo, yeye ameajiriwa kupokea watu na alitupokea vizuri, ila wenye hoteli wangeweza kumwandalia jibu kama walivyomwandalia jibu la saa ya kifungua kinywa.

Jibu lenyewe liko kwenye vitabu vya historia vya shule. Miaka ya 1850 sehemu kubwa kabisa ya pamba iliyoingia viwanda vya Lancashire, mkoa uliokuwa na Manchester ndani yake, ilitoka kusini mwa Marekani, na huko ililimwa na kuvunwa na watumwa, watu weusi ambao babu zao walitolewa Afrika kwa meli. Utumwa Marekani haukuisha mpaka 1865. Kwa hiyo tajiri wa pamba wa Manchester aliyejenga nyumba ziwani mwaka 1855, hata kama hakumiliki mtumwa hata mmoja, hata kama kila Jumapili alikuwa kanisani, ule mzigo uliomtajirisha ulipita kwanza kwenye mikono ya watu waliouzwa sokoni.

Na mtu asiseme watu wa zamani hawakujua. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza Marekani mwaka 1861 pamba ilikatika, viwanda vya Lancashire vikafungwa, wafanyakazi wakalala njaa na watoto wao. Tarehe 31 Desemba 1862 wafanyakazi wa Manchester walikutana kwenye ukumbi wa Free Trade Hall wakamwandikia Rais Abraham Lincoln kwamba wanamuunga mkono dhidi ya utumwa, pamoja na kwamba vita hivyo ndo vilivyokuwa vimewaondolea mkate mezani, na Lincoln akawajibu Januari 1863. Mimi kila nikilikumbuka hili naona hao ndo watu ambao picha zao zingetundikwa kwenye kuta za hizo hoteli. Walijua vizuri kabisa pamba inatoka wapi na wakasema hadharani.

Pamba hiyo na kwetu ilifika. Ile merikani, kitambaa kizito kisichopaushwa ambacho bibi zetu walivaa na misafara ya bara ikakitumia badala ya hela, ilikuwa inafumwa kwenye viwanda vya kaskazini mashariki mwa Marekani kwa pamba ya mashamba yale yale ya watumwa, ikaletwa Zanzibar na meli za Salem, Massachusetts, kubadilishana na pembe za ndovu na sandarusi. Mkataba wa biashara kati ya Zanzibar na Marekani ulisainiwa mwaka 1833. Mtu anavuna pamba Mississippi bila mshahara, na mpagazi anatoka Bagamoyo mpaka Ujiji na mzigo kichwani analipwa kipande cha kitambaa cha pamba hiyo hiyo. Kwa hiyo mgeni wa Kiswahili anayelala kwenye nyumba ya tajiri wa pamba asidhani hadithi ya nyumba hiyo haimhusu.

Hiyo ni pamba. Kuna nyumba ambazo hazina hata haja ya kupitia kwenye pamba, ziko wazi zaidi. Mfano ulioandikwa na wanahistoria ni Storrs Hall, iko ukingoni mwa Windermere na ni hoteli mpaka leo. Ilianza kujengwa miaka ya 1790 kwa ajili ya Sir John Legard, na mwanzoni mwa karne ya 19 ikaja mikononi mwa John Bolton, mfanyabiashara wa Liverpool, akampa mbunifu Joseph Gandy kazi ya kuipanua. Bolton alikuwa mfanyabiashara ya watumwa. Sio kwa kubahatisha wala kwa fununu, alipeleka meli Afrika zikachukua watu zikawauza visiwa vya Karibi. Mwaka 1825 nyumbani hapo alimwandalia sherehe mwandishi Walter Scott na mwanasiasa George Canning, mashua zikashindana ziwani, na Wordsworth naye alikuwepo. Watu wa mashairi, watu wa siasa na mtu wa meli za watumwa, meza moja, mandhari moja. Karibu na nyumba, ndani ya maji, kuna kijengo cha mawe Legard alichokijenga kuwaenzi wakuu wa jeshi la majini, unakifikia kwa njia ya mawe juu ya ziwa, na watu wanapiga picha za harusi maana kweli ni pazuri sana.

Uzuri wa mahali siupingi wala sisemi watu wasifunge ndoa pale. Nasema tu kwamba mwenye nyumba anajulikana, kazi yake inajulikana, na mtu anayekwenda na hasa anayefanana na waliouzwa anastahili kuambiwa kabla hajalala.

Halafu kuna hela nyingine ambayo watu wengi hawaijui. Uingereza ilipiga marufuku biashara ya watumwa 1807, na sheria ya kuwaachia huru watumwa wa makoloni ilipitishwa 1833. Watu husifia sana sheria hiyo na inastahili sifa yake, lakini ndani yake kulikuwa na fidia ya pauni milioni 20, na fidia hiyo walilipwa wenye watumwa. Waliokuwa watumwa hawakupata hata senti, tena wengi wao wakalazimishwa kuendelea kumtumikia bwana yule yule kwa jina la uanagenzi mpaka 1838. Milioni 20 wakati ule ilikuwa karibu asilimia 40 ya matumizi ya serikali kwa mwaka mzima. Serikali ilikopa, na deni lililotokana na mkopo huo limemalizika kulipwa 2015. Elfu mbili na kumi na tano! Maana yake ndugu zetu wanaofanya kazi Uingereza, manesi, madereva, walimu, waliokuwa wanakatwa kodi kabla ya mwaka huo, nao walichangia.

Na waliolipwa fidia majina yao yapo. Chuo kikuu cha University College London, ile UCL, kina kanzidata kwenye intaneti inayohusu wamiliki wa watumwa wa Uingereza, mtu yeyote anaingia bure, anaandika jina la mtu au la nyumba, inamletea nani alidai, mashamba gani, watu wangapi, pauni ngapi. Dakika chache tu. Ukishajua jina la aliyejenga hoteli unayotaka kulala unaweza kutazama mwenyewe ukiwa umekaa kwenye kochi lako, na mimi nawashauri wasomaji wafanye hivyo kabla hawajatoa kadi ya benki.

Najua kuna atakayesema mbona na sisi tulikuwa na watumwa. Ndiyo tulikuwa nao, na tunasema. Zanzibar mgeni akishuka bandarini siku hiyo hiyo anapelekwa Mkunazini palipokuwa soko la watumwa, soko ambalo Sultan Barghash alilifunga mwaka 1873 kwa shinikizo la Waingereza, na pale kanisa kuu la Anglikana likajengwa. Nje yake kuna sanamu za watu wamesimama shimoni wana minyororo shingoni. Tippu Tip nyumba yake ipo Mji Mkongwe, mlango wake wa kuchongwa unapigwa picha na kila mtu, na mtembeza wageni anakwambia bila kumung'unya kwamba mwenye nyumba alitajirika kwa pembe na watu. Hatukuuficha mlango wala hatukuandika kwamba alikuwa mfanyabiashara tu tukaishia hapo. Na watalii hawakukimbia, wanaendelea kuja, na wengi wao ni Waingereza hao hao, wanasimama mbele ya lile shimo wanatikisa kichwa kwa masikitiko juu ya waliyofanya Waarabu na Waswahili, halafu wanarudi kwao wanalala wikiendi kwenye nyumba ya tajiri wa Liverpool bila kujua. Hii mimi inaniuma. Kama sisi tumeweza kulisema la kwetu kwa sauti, na wao waseme la kwao.

Na kusema wanajua. Pale pale Windermere mwezi Agosti 1945, vita imeisha tu, waliletwa watoto wa Kiyahudi karibu 300 waliookoka kwenye makambi ya Wanazi, wakasafirishwa kwa ndege kutoka Prague wakapewa makazi Calgarth, kwenye nyumba zilizojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa kiwanda cha ndege za majini. Watoto waliokuwa wamekonda wakapewa kitanda chao, mkate, baiskeli, na ziwa la kuogelea. Hiyo inakumbukwa hapo mjini, kuna maonyesho kuhusu watoto hao, na ukisoma habari zao machozi yanakutoka. Kwa hiyo eneo lile lina uwezo wa kubeba historia ngumu na kuieleza vizuri, na wageni wanaisoma kwa heshima bila kuona wameharibiwa likizo.

Mwaka 2020 National Trust, ile taasisi inayotunza majumba ya kihistoria na ardhi nyingi tu ya Lake District, ilitoa ripoti ikaorodhesha nyumba na maeneo yake 93 yenye uhusiano na ukoloni na utumwa. Kelele zilikuwa nyingi, wapo wabunge waliokasirika wakasema historia inachafuliwa. Lakini ripoti ile ilihusu mali za taasisi hiyo yenyewe. Hoteli za watu binafsi hakuna aliyezilazimisha kitu, na ndo maana kazi ya kuuliza imebaki kwa mgeni na kwa mwandishi anayezisifia.

Hata mezani historia ipo. Kule wana siagi ya ramu iliyochanganywa na sukari, wana biskuti za tangawizi za Grasmere zinazouzwa kijijini toka 1854, wana peremende za Kendal ambazo karibu zote ni sukari tupu wanabeba wapanda milima. Ramu, sukari na tangawizi havioti kwenye milima ile ya baridi. Bandari ya Whitehaven iko upande wa baharini wa mkoa huo huo, na meli zilikuwa zinatoka Karibi zimesheheni. (Wasiotumia pombe waulize kabla ya kupaka hiyo siagi, ina ramu kweli.) Ni vitamu, nimekula hizo biskuti na nitakula tena, na naona kingewekwa kikadi kidogo kando ya sahani chenye mistari mitatu ya ukweli utamu wake usingepungua.

Kitu kingine ambacho ningependa mwandike, na hiki ni cha kufurahisha, ni kwamba ziwa halilipiwi. Watu wanadhani wakikosa hela ya hoteli wamekosa ziwa, sio kweli. Windermere, Ullswater, Derwentwater na Coniston, kupita na chombo juu ya maji ni haki ya umma. Njia za miguu za umma nyingine zinapita mpaka kwenye mashamba na karibu na bustani za hayo majumba na mwenye mali hawezi kukufukuza ukifuata njia. Kuna njia ya Ullswater Way iliyofunguliwa 2016, inazunguka ziwa zima kama kilomita 32, ukichoka unapanda boti ya abiria inakurudisha. Eneo lote ni hifadhi ya taifa toka 1951 na UNESCO wakaliingiza kwenye urithi wa dunia 2017. Mama yangu alifurahi zaidi siku tuliyokaa kwenye benchi la mbao na chupa ya chai tukatazama boti kuliko ile chai ya sinia, na benchi lile hatukulilipia.

Basi Mhariri, ombi langu. Mwandishi wenu wa safari akiandika tena hoteli ya namna hii, aweke jina la aliyeijenga, mwaka, na alichokuwa anauza, mistari miwili tu inatosha, kabla ya kufika kwenye mito ya manyoya. Kama hoteli imemlaza bure ili aandike basi ndo aulize zaidi. Na wasomaji wanaokwenda, mnapotuma barua pepe ya kubuku, mnapouliza chumba kinatazama wapi na kama kuna lifti kwa ajili ya wazee, ongezeni swali moja: aliyejenga nyumba hii alipata wapi mali yake? Andikeni kwa upole tu. Wakipokea swali hilo mara moja watalipuuza, wakilipokea kila wiki itabidi mtu akae chini atafute, na akishatafuta ule ukurasa wa kwenye kitabu cha ngozi utabadilika.

Na ikitokea hoteli yoyote ya huko ikajibu swali hilo kwa ukweli bila kuzunguka, naomba mchapishe jibu lao lote pamoja na jina la hoteli, maana hiyo ndo nitakayompeleka mama akija tena.

Msomaji wenu wa siku nyingi,
Uingereza